Kigari Kinaposimama: Mhadhara Kuhusu Kani, Mwendo na Gari la Kujitengenezea

Kati ya yote yanayoweza kuchunguzwa kwa gari dogo la kujitengenezea, lililo kubwa kuliko mengine ni lile ambalo mtengenezaji huliona kuwa kasoro, nalo ni kusimama kwake. Kigari kilichoundwa kwa kipande cha ubao, magurudumu ya ndala chakavu na ekseli za spoku ya baiskeli husukumwa, huenda hatua chache, hupunguza mwendo kisha hukoma, na aliyekisukuma huinama akakisukuma tena, akiamini kwamba mwendo umekwisha ndani yake kama maji yanavyokwisha mtungini. Imani hiyo ni kongwe, iliwahi kushikwa na wanafalsafa wakubwa, na kila siku macho huithibitisha, lakini si kweli. Mhadhara huu unakusudia kueleza kwa nini si kweli, na jinsi kigari chenyewe, kikipimwa badala ya kutazamwa tu, kinavyoweza kutoa ushahidi dhidi ya imani ya mtengenezaji wake.

Kabla ya kuingia karakana, maneno manne hayana budi kuwekwa sawa, kwa kuwa lugha ya fizikia huazima maneno ya nyumbani na kuyapa mipaka ambayo nyumbani hayana. Neno la kwanza ni kani. Mitaani, neno nguvu hubeba mizigo mingi mno: kuna nguvu za mtu, nguvu ya sheria, nguvu ya dawa, hata nguvu ya hoja, ndiyo maana vitabu vya fizikia vya Kiswahili vimelitenga neno kani kwa maana moja tu, yaani msukumo au mvuto ambao kitu kimoja hukifanyia kingine. Kani haikai ndani ya kitu kama akiba. Ipo pale tu vitu viwili vinapotendeana. Neno la pili ni tungamo, ambalo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, nalo hupimwa kwa kilo; uzito ni jambo jingine, maana uzito ni kani ambayo dunia hukivutia kitu hicho chini, nao hupimwa kwa nyutoni, ingawa sokoni yote mawili huitwa kilo na hakuna anayepunjwa kwa sababu hiyo. Neno la tatu ni mwendokasi, yaani umbali unaokwendwa katika kila sekunde kuelekea upande fulani. La nne ni mchapuko, lililotokana na kitenzi kuchapua, kile kile kinachotumika mtu anapoambiwa achapue miguu: mchapuko ni kiasi ambacho mwendokasi hubadilika katika kila sekunde, iwe kwa kuongezeka, kwa kupungua au kwa kugeuka upande. Anayeyatenganisha maneno mawili haya ya mwisho amekwisha kupita mlango mgumu kuliko yote katika somo hili, kwa sababu kani haizai mwendokasi, kani huzaa mchapuko.

Ugumu wa mlango huo unaonekana katika historia. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kitu kinachokwenda kwa kulazimishwa huhitaji msukumaji wakati wote wa mwendo wake, na kwa kuwa mshale huendelea kuruka baada ya kuachana na upinde, alilazimika kusema kwamba hewa ndiyo inayousukuma. Yohana Philoponus wa Aleksandria alilipinga jambo hilo katika karne ya 6, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akausogeza upinzani huo mbele zaidi katika kitabu chake cha Kitab al-Shifa, aliposema kwamba kitu kilichorushwa hupewa mwelekeo, alioutaja kwa neno la Kiarabu mayl, ambao haupotei wenyewe bali huondolewa na vizuizi vya nje, kiasi kwamba mahali patupu kabisa mwendo wa aina hiyo usingekoma. Galileo Galilei wa Italia, katika karne ya 17, alilileta wazo hilo karibu na ubao na gololi: gololi inayoteremka mteremko mmoja na kupanda mwingine ulioelekeana nao hupanda hadi karibu na kimo ilikotoka, na mteremko wa pili ukilazwa zaidi, gololi huenda mbali zaidi ili kukifikia kimo kile kile, basi ukilazwa kabisa hadi kuwa tambarare, gololi haitakifikia kimo hicho kamwe, na isipozuiwa na kitu haitakuwa na sababu ya kusimama. Mwaka 1687 Isaac Newton aliliandika jambo hilo kuwa kanuni ya kwanza kati ya kanuni zake tatu: kila kitu huendelea kutulia, au huendelea kwenda kwa mwendokasi ule ule katika mstari ulionyooka, mpaka kani kutoka nje ikilazimishe kubadilika. Tabia hiyo ya kitu kushikilia hali yake huitwa inesha, na abiria aliyesimama ndani ya daladala huijua vizuri kila dereva anapokanyaga breki.

Kwa hiyo swali analopaswa kuulizwa mwenye kigari limegeuka. Haliwi tena ni nini kilichokuwa kikikisukuma hata kikaenda, bali ni nini kilichokizuia hata kikasimama. Jibu la jumla ni msuguano, yaani kani inayozuka pale nyuso mbili zinapogusana na kutaka kupitana, ikielekea kinyume cha mwendo. Lakini jibu la jumla halimsaidii fundi, kwa kuwa msuguano una makao yake, na kigari kizuri ni kile ambacho mtengenezaji wake ameyajua makao hayo moja baada ya jingine.

Vifaa vyenyewe havihitaji duka. Ubao mwembamba wenye urefu wa shibiri moja na nusu hivi, au chupa ya plastiki iliyolazwa, hutosha kuwa bodi. Magurudumu hukatwa kwa soli ya ndala, ambazo pengine huitwa kandambili na pengine champali, kwa kuchora duara kwa kifuniko cha kopo na kukata kwa wembe au kisu kikali chini ya usimamizi wa mtu mzima. Kitovu cha duara hakikisiwi kwa jicho: karatasi ya duara lenye ukubwa ule ule hukunjwa katikati mara mbili, na mahali mikunjo inapokatana ndipo penye kitovu, kisha alama huhamishiwa kwenye soli na kutobolewa kwa ncha ya msumari. Gurudumu lililotobolewa pembeni ya kitovu hata kwa milimita 2 hukifanya kigari kiruke kama mtu anayechechemea, na kila mruko huchukua sehemu ya mwendo wake. Ekseli ni vipande viwili vya spoku ya baiskeli, na kila kipande hupitishwa ndani ya mrija wa kunywea soda uliogandishwa chini ya bodi, ili magurudumu yashike ekseli kwa nguvu na ekseli izunguke kwa uhuru ndani ya mrija. Mirija miwili lazima ilale sambamba. Hupimwa kwa rula kwamba umbali kati yake upande wa kushoto ni sawa na ule wa kulia, la sivyo kigari kitakwenda kombo na kila kipimo kitakachofuata kitakuwa cha uongo.

Mpango huu wa ekseli kuzunguka pamoja na magurudumu una ukoo mrefu. Gurudumu la mti lililofukuliwa mwaka 2002 katika vinamasi vya Ljubljana, nchini Slovenia, lenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, lina tundu la mraba katikati yake, na tundu la mraba haliwezi kuwa na maana nyingine ila kwamba ekseli ilikazwa humo na kuzunguka pamoja na gurudumu. Mpango wa pili, ambao gurudumu huzunguka juu ya ekseli iliyotulia, ndio ulioenea katika mikokoteni na baiskeli, nao una faida kubwa kwenye kona, ambapo gurudumu la nje lazima liende mbali kuliko la ndani. Kwa kigari cha kwenda mbele moja kwa moja, mpango wa kwanza ni rahisi kuutengeneza vizuri, na kutengeneza vizuri ndiko kunakotakiwa hapa.

Sababu ya kuchagua spoku badala ya kijiti kinene inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwani hapo ndipo siri yote ya gurudumu ilipo. Gurudumu halifuti msuguano; huuhamisha kutoka ardhini na kuupeleka kwenye ekseli, ambako hupunguzwa kwa uwiano wa unene wa ekseli na upana wa gurudumu. Spoku ya kawaida ina kipenyo cha milimita 2, na gurudumu la ndala lililokatwa kwa kifuniko cha kopo dogo linaweza kuwa na milimita 60. Kila gurudumu linapozunguka mara moja, kigari husonga karibu sentimita 19, lakini uso wa spoku husugua mrija kwa kiasi cha milimita 6 tu. Msuguano ule ule, ukitenda kazi katika umbali ulio sehemu moja ya 30, hula sehemu moja ya 30 ya nishati ambayo ungeila kama bodi ingeburutwa sakafuni. Fundi aliyetumia kijiti cha unene wa milimita 20 kwa gurudumu hilo hilo amejipatia uwiano wa moja kwa tatu, na atashangaa kwa nini kigari chake kinachoonekana imara kuliko cha jirani hukoma mapema. Hata hivyo, wembamba una gharama yake, maana spoku hupinda mzigo ukizidi, na ekseli iliyopinda hukwaruza mrija. Watengenezaji wa magari ya kweli hukabiliana na mvutano huo huo kila siku.

Makao ya pili ya msuguano ni pale gurudumu linapogusa ardhi. Ndala ni laini: chini ya uzito hubonyea mbele na kufumuka nyuma, na katika kufumuka hairudishi nishati yote iliyotumika kuibonyeza, bali sehemu yake hugeuka kuwa joto. Mchangani hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa gurudumu halibonyei peke yake, linachimba, na kila hatua ni kupanda kilima kidogo ambacho limekifanya lenyewe. Ndiyo maana gurudumu la chuma juu ya reli hukinzwa kwa kiasi kidogo mno, takriban sehemu moja au mbili kwa elfu ya uzito linaoubeba, ilhali tairi ya gari juu ya lami hukinzwa kwa karibu mara kumi ya kiasi hicho.

Ukinzani huu wote unaweza kupewa namba bila saa na bila mizani, na namna ya kuupata ni ya kupendeza kiasi cha kustahili kufanywa katika kila shule. Ubao laini huegemezwa juu ya matofali ili kufanya mteremko, na mwisho wake wa chini huwekewa karatasi ngumu ili kigari kishuke sakafuni bila kugonga. Kigari huachiwa juu bila kusukumwa. Kimo cha mahali kilipoachiwa hupimwa kutoka sakafuni, kisha hupimwa umbali wa mlalo kutoka chini ya mahali hapo hadi kilipokoma. Kimo kikigawanywa kwa umbali huo, jibu ni sehemu ya uzito wa kigari iliyokuwa ikikivuta nyuma muda wote. Kigari kilichoachiwa kwenye kimo cha sentimita 20 na kukoma baada ya sentimita 400 kina ukinzani wa 0.05, yaani kimekuwa kikivutwa nyuma kwa kani iliyo sawa na moja ya ishirini ya uzito wake. Ekseli zikipakwa unga wa risasi ya penseli na kigari kikafika sentimita 500, ukinzani umeshuka hadi 0.04, na fundi amejua kwa namba, wala si kwa maoni, faida ya kazi yake.

Uhalali wa hesabu hii unatokana na nishati, ambayo ni uwezo wa kufanya kazi, na kazi katika fizikia ni kani ikizidishwa kwa umbali uliokwendwa. Kigari kilichoinuliwa kina nishati tuli, iliyohifadhiwa kwa sababu ya mahali kilipo. Kikiteremka, nishati hiyo hugeuka kuwa nishati ya mwendo, na kinapovingirika sakafuni msuguano huitoa kidogo kidogo hadi iishe. Kilichowekwa ni uzito mara kimo, kilichotolewa ni ukinzani mara uzito mara umbali, na hesabu hizo mbili lazima zilingane. Anayeitazama kwa makini hesabu hiyo atagundua jambo ambalo watoto wengi hulikataa mpaka walione: uzito umo pande zote mbili, kwa hiyo hujiondoa. Kigari kikibebeshwa chupa ya maji na kuachiwa kutoka kimo kile kile, hakitakiwi kwenda mbali zaidi wala karibu zaidi. Kikijaribiwa, mara nyingi hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo haipaswi kufichwa; ekseli imepinda, au ndala imebonyea kupita kiasi, au kigari chepesi kilikuwa kikizuiwa na hewa kwa kiasi kikubwa zaidi kulingana na uzito wake. Kanuni imesema kweli, na kigari nacho kimesema kweli, na nafasi iliyobaki kati ya kauli hizo mbili ndipo penye utafiti.

Jaribio la kuachia gurudumu na kutazama litakapokomea limewahi kubadili usafiri wa dunia nzima. Mwaka 1887, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kutoka Uskoti aliyekuwa akifanya kazi Belfast, alitengeneza bomba la mpira lenye hewa kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mdogo. Alilifunga bomba hilo kwenye duara la mti, akalivingirisha uani sambamba na gurudumu la chuma la baiskeli ile. La chuma lilikoma, la hewa likaendelea mpaka likagonga nguzo ya lango na kurudi. Hati yake ya uvumbuzi ilitoka mwaka 1888, ingawa Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amepata hati ya wazo hilo hilo mapema zaidi, miaka ya 1840, na ikabidi baadaye hati ya Dunlop ibatilishwe. Kwa mada hii, jambo la kuzingatiwa ni kwamba kipimo kilikuwa kilekile kinachoelezwa hapa: uani, magurudumu mawili, na jicho lililotazama mahali pa kukomea.

Kanuni ya pili ya Newton inahusu kile kani inachokifanya inapopatikana, nayo husema kwamba mchapuko huongezeka kadiri kani inavyoongezeka na hupungua kadiri tungamo linavyoongezeka. Ili kuijaribu, kigari hufungwa uzi unaopita juu ya ukingo wa meza, ambako huwekwa kapi dogo au kijiti laini, na mwisho wa uzi huning'inizwa kichupa chenye maji. Maji ni mizani ya maskini na ya tajiri sawia, kwa kuwa mililita moja ina gramu moja, na sindano ya hospitali isiyo na ncha hutosha kuyapima. Kigari chenye gramu 400 kikivutwa na kichupa chenye jumla ya gramu 50, kani ya kichupa ni karibu nyutoni 0.49, lakini kinachochapuka si kigari peke yake, ni kigari pamoja na kichupa, yaani gramu 450, na kusahau jambo hilo ni kosa linalofanywa hata na walimu. Mchapuko bila msuguano ungekuwa mita 1.09 kwa sekunde kwa kila sekunde, na meza ya mita 1 ingevukwa kwa takriban sekunde 1.35. Kigari chenye ukinzani wa 0.04 kitachukua takriban sekunde 1.64, kwa kuwa karibu theluthi moja ya kani imeliwa na msuguano, na hivyo namba iliyopatikana kwenye mteremko inarudi kuthibitishwa mezani.

Muda mfupi namna hiyo ni mgumu kuupima kwa kidole kinachobonyeza saa ya simu, na ugumu huo si mpya. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alieleza kwamba alitumia boriti lenye urefu wa dhiraa 12, lenye mfereji uliosuguliwa na kutandikwa ngozi laini, akaipima muda gololi ya shaba kwa kuyapima kwa mizani maji yaliyotiririka kutoka katika chombo kikubwa kupitia kijineli chembamba, na akasema kwamba alirudia majaribio hata mara 100. Alichokiona ni kwamba umbali huongezeka kwa mraba wa muda: muda ukiongezwa mara mbili, umbali huwa mara nne, ukiongezwa mara tatu, umbali huwa mara tisa. Wanafunzi wanaopiga makofi kwa mdundo mmoja wanaweza kuliona jambo hilo hilo, mradi mteremko ulazwe vya kutosha na alama za chaki ziwekwe mahali kigari kilipo katika kila kofi. Kinachowaponza wengi ni haraka: jaribio hufanywa mara moja, au mambo mawili hubadilishwa kwa pamoja, mzigo umeongezwa na mteremko umeinuliwa, kisha haijulikani ni lipi limeleta tofauti. Mara tano kwa kila hali, wastani ukachukuliwa, na jambo moja tu likabadilishwa kwa wakati mmoja. Masharti hayo yakikiukwa, kigari hurudi kuwa mchezo, na mchezo una heshima yake, lakini hautoi jawabu.

Kanuni ya tatu, kwamba kila kani ina mwenzake aliye sawa naye na anayeelekea kinyume, huimbwa na kila mwanafunzi na huaminiwa na wachache. Kigari kilichofungwa puto linalotoa hewa nyuma kupitia mrija huionyesha waziwazi: puto huisukuma hewa nyuma, hewa hulisukuma puto mbele. Tatizo huja kwa punda na mkokoteni. Ikiwa mkokoteni humvuta punda nyuma kwa kani ile ile anayouvutia yeye mbele, mwanafunzi mwenye akili ana haki ya kuuliza unaondokaje hapo ulipo. Jawabu ni kwamba kani hizo mbili hazifutani, kwa kuwa haziko juu ya kitu kimoja. Moja iko juu ya mkokoteni, nyingine juu ya punda. Kinachoamua kama mkokoteni utaondoka ni kani zilizo juu ya mkokoteni peke yake, yaani mvuto wa punda dhidi ya ukinzani wa magurudumu; na kinachoamua kama punda ataweza kuvuta ni kwato zake, zinazoisukuma ardhi nyuma ili ardhi imsukume mbele. Punda yule yule akiwekwa juu ya utelezi wa matope hawezi kuuvuta mkokoteni mtupu. Kwa hiyo msuguano, ambao hadi sasa umetajwa kama mwizi wa mwendo, ndio pia unaouwezesha kuanza, na kigari cha mpira uliosokotwa kwenye ekseli hulithibitisha hilo kinapowekwa juu ya sakafu yenye povu la sabuni: magurudumu huzunguka, gari halitoki.

Yote yaliyosemwa juu ya kigari yamekwisha kufanywa kwa ukubwa kamili na watu wanaozungumza Kiswahili, huko Goma na vijiji vya Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ambako chukudu ni chombo cha riziki. Chukudu ni gari la mbao lenye magurudumu mawili, moja mbele lenye usukani na moja nyuma, lililochongwa kwa mkaratusi na miti mingine migumu, magurudumu yake yakivishwa vipande vya tairi kuukuu. Hubeba mkaa, viazi, kabichi, mbao na magunia, mara nyingi mamia ya kilo kwa safari moja. Ili uzito wa jambo hilo ueleweke, ikumbukwe kwamba katika njia za misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji katika karne ya 19, ambako mbung'o waliwaua wanyama wa kukokota, mzigo ulikwenda mabegani na vichwani mwa wapagazi, na mpagazi mmoja alibeba takriban frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Chukudu yenye jumla ya kilo 300, ikiwa na ukinzani wa 0.05 kwenye barabara tambarare, humtaka msukumaji atoe kani ya nyutoni 147, sawa na uzito wa kilo 15. Mwendeshaji huweka goti moja juu ya kipande cha mpira kilichopigiliwa kwenye mbao na kuisukuma ardhi kwa mguu wa pili; kati ya msukumo na msukumo chombo huendelea chenyewe. Inesha ya kilo 300 inamfanyia kazi.

Mteremkoni hesabu hugeuka kuwa ya hatari. Kutoka vijiji vya juu kama Kibumba kuelekea mjini, barabara hushuka kwa kilomita nyingi, na kila mita 10 za kimo hukitia chombo cha kilo 300 nishati ya juli 29,400, inayotosha, kama hakuna kinachozuia, kukifikisha kwenye mwendokasi wa mita 14 kwa sekunde, yaani takriban kilomita 50 kwa saa. Mwendeshaji huizuia kwa kukanyaga kipande cha tairi kinachosugua gurudumu la nyuma, na nishati yote ile huishia kuwa joto chini ya unyayo wake. Kupanda nako kuna bei: mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 10 huongeza nyutoni 294 juu ya zile 147, mara tatu ya kazi ya tambarare, ndiyo maana kwenye milima hutakiwa watu wawili au watatu. Katika mzunguko mmoja wa barabara mjini Goma imesimama sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake. Ni haki kabisa iwepo.

Mtoto anayetengeneza gari la waya au la mabua uani, katika Tanzania, Kenya au Kongo, hufanya kazi hiyo akiijadili na wenzake kwa lugha yake, naye hujua kwa mikono kwamba gurudumu lisilo duara halifai na kwamba ekseli kavu hulia. Katika Tanzania mtoto huyo husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hufika sekondari akakutana na kanuni za Newton kwa Kiingereza, zikiwa zimeandikwa ubaoni bila gari, na huzikariri kama jambo lisilohusiana na ule ua wa nyumbani. Kuutenganisha ua na ubao namna hiyo ni kosa, tena ni kosa linaloweza kurekebishwa bila kusubiri maabara, maana maneno kani, tungamo, msuguano na mchapuko yapo, ndala chakavu zipo, na spoku zilizokatika zimejaa katika kila kibanda cha fundi baiskeli. Walimu wanaombwa, kabla ya kuandika kanuni yoyote, waegemeze ubao juu ya matofali mawili, wamwambie kila mwanafunzi aweke alama ya chaki mahali anapodhani kigari kitakoma, wakiachie, kisha wachukue rula wapime kutoka alama hadi gurudumu.